Nyama ya Baba, Chai ya Mama

Wengi wetu hudhani kwamba Mzungu wa zamani huko kwao alikula nyama na mkate wa siagi kila siku, awe nani, akae wapi. Nami nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma juu ya viwanda na reli za Uingereza, lakini juu ya chungu cha jikoni sikufundishwa neno. Baadaye, jioni nikishafunga madaftari ya parokia, nimejitafutia habari hizo vitabuni. Leo napenda kuwagawieni kidogo, maana zina fundisho kwa kila nyumba yenye baba, mama na watoto.

Malkia Victoria alitawala toka mwaka 1837 hadi mwaka 1901. Zamani zake Uingereza ilikuwa tajiri kupita nchi nyingi za dunia. Lakini utajiri wa nchi si lazima ufike kwenye kila sahani.

Mwaka 1861 Bibi Isabella Beeton, mzaliwa wa London, alitoa kitabu kikubwa cha kuongoza mambo ya nyumbani, chenye kurasa zaidi ya 1,000. Katika mwaka wa kwanza viliuzwa vitabu 60,000. Humo mna mpango wa karamu ya wageni 18: kwanza supu, halafu samaki, halafu nyama za namna namna, ndege wa mwituni, na mwisho vitu vitamu. Katika kitabu hicho hicho mna pia supu ya kuwasaidia maskini. Hiyo ilipikwa kwa nyama ya shavu la ng'ombe, vipande vya nyama vilivyobaki, mifupa, vitunguu, na mchele au shayiri, ikatiwa maji galoni 10. Bibi huyo aeleza kwamba wakati wa baridi wa mwaka 1858 yeye mwenyewe alipika supu hiyo kila juma, akagawia jamaa kama 12 za kijijini karibu naye. Alifanya vema. Lakini tazama, msomaji: kitabu kimoja, mpishi mmoja, na vyakula viwili visivyofanana hata kidogo.

Hata maskini wenyewe hawakuwa sawa. Kijana Mjerumani, Friedrich Engels, alikaa katika mji wa viwanda wa Manchester, na mwaka 1845 akatoa kitabu juu ya wafanyakazi wa huko. Ndiye yule aliyekuwa mwenzi wa Karl Marx. Hapa nayataka macho yake tu, siasa yake naiacha. Asema kwamba chakula chao kilikuwa kama ngazi. Wa juu, wenye mshahara mzuri, walikula nyama kila siku. Waliofuata walikula nyama mara mbili tatu kwa juma. Chini yao palikuwa na kipande kidogo cha nyama ya nguruwe ya chumvi kilichokatwakatwa katika viazi. Chini zaidi hata kipande hicho hakikuwapo. Mkate, jibini, uji na viazi basi. Na chini kabisa walikuwapo Waayalandi, waliokula viazi vitupu. Mwaka ule ule wa 1845 ugonjwa ukaingia katika viazi vya nchi yao ya Ayalandi, na katika miaka ya njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja. Mwenye chakula cha namna moja, kikiharibika hicho, hana pa kukimbilia.

Tena kulikuwa na mambo ya weupe. Mkate mweupe ulihesabiwa kuwa wa waungwana, kwa hiyo na maskini akautaka. Waokaji wengi wakatia shabu katika unga ili mkate upate weupe. Katika miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall aliipima mikate ya London, akaufichua udanganyifu huo; mwaka 1875 ikapatikana sheria yenye nguvu juu ya uuzaji wa vyakula. Hapo nawakumbuka watu wetu wanaoona haya kumpa mgeni ugali wa dona, wakakimbilia unga wa sembe, kumbe nguvu nyingi ya mahindi imeachwa katika pumba.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Mwaka 1863 serikali ilimtuma daktari Edward Smith kuchunguza chakula cha vibarua. Akakuta kwamba kibarua wa shamba aliweza kula nyama karibu kila siku, na mkewe na watoto wakaipata labda mara moja kwa juma. Wao walibaki na mkate, viazi na chai. Wala hakuna aliyelalamika. Baba na nyumba yake yote waliamini kwamba ndivyo ipasavyo, kwa sababu nguvu za baba ndizo zilizowalisha. Basi ile ngazi ya matajiri na maskini ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nyumba, na mama alikaa kwenye kidato cha chini.

Mama yangu, marehemu sasa, alikuwa na neno lake wakati wa kula: "Kuleni, wanangu, mimi nimekwisha onja jikoni." Tuliliamini. Leo nina watoto wanne, na ninajua kwamba chungu kile hakikuwa na cha kuonja.

Mtu atasema: baba akianguka, wote watalala njaa. Ni kweli. Lakini mama naye analima, anachota maji, anabeba mimba, ananyonyesha. Akidhoofika yeye, mtoto hudhoofika kabla hajazaliwa. Tofauti ya tajiri na maskini hatuwezi kuiondoa kwa siku moja, bali ile iliyomo chunguni mwetu tunaweza kuiondoa leo. Basi, baba mwenzangu, jioni hii kabla hujanawa mikono, funua chungu utazame mama amebakiwa na nini.