Feni Zinazunguka, Kioo Cheusi

Umeme ulikatika Fukayosi saa nne usiku, laptopu ikiwa katikati ya kusasisha bayosi, ile programu inayoiamsha mashine. Betri ilidai ina asilimia 60. Kwa laptopu ya gemu iliyozeeka, hayo ni maneno tu. Ikazima. Nilipoiwasha, feni zilivuma, taa za kibodi zikawaka rangi zote, kioo kikabaki cheusi.

“Si inawaka hiyo, mwanangu?” Mama akauliza.

Ndani mlikuwa na mahojiano ya tasnifu yangu na wakulima wa mananasi wa Kiwangwa, pamoja na sauti ya mzee tuliyemzika mwezi uliopita. Nikashikilia kitufe sekunde 40. Nikachomoa RAM, nikairudisha. Wapi!

Fundi wa Kariakoo hata diski hakuigusa. Bayosi, alisema, ina chipu yake: miguu minane, ukubwa wa punje ya mahindi. Akaibana kwa klipu, akaiandika upya. Kioo kikawaka na kudai tarakimu 48 za kufungulia diski. Nilikuwa nimeziandika nyuma ya daftari, na daftari liko nyumbani. Mama akanisomea kwa simu, sita sita, kama tokeni ya luku iliyorefuka.

Dakika ya tatu mzee anakohoa, kisha anaendelea na bei ya mananasi.