Zamani Tulimwimbia Mheshimiwa

Miaka ya themanini na tisini sisi wapigaji wa taarabu wa Mombasa tulijua njia moja tu ya kumfikia mbunge: kumwimbia. Mheshimiwa akija harusini, mtunzi keshatayarisha beti mbili tatu zenye jina lake na la babake, mimi naikaza dumbaki anapotajwa, naye anainuka kutuza. Fedha tunagawana usiku huohuo. Habari ya hakimiliki haikuwa na pa kuingilia. Nani amwambie mtu aliyemtuza mbele ya kadamnasi kwamba sheria iliyo mikononi mwake ina matundu?

Na matundu yalikuwapo. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Kenya huru ni ya 1966, kanda za kaseti hazijatapakaa. Baadaye nyimbo zetu zikawa zanaswa palepale harusini, mtu kaegesha redio kaseti karibu na spika, na siku chache baadaye kanda iko dukani, hiyoo imefika Lamu, Unguja, hata Maskati. Mwimbaji alishalipwa na mwenye harusi, basi. Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilikuwapo tangu 1983, lakini wengi wetu tulikisikia kama tunavyosikia habari za Nairobi.

Malalamiko tuliyapeleka Mama Ngina, pale ufukweni pa Mombasa. Jioni, chini ya mibuyu, mihogo ya kukaanga imetiwa pilipili na ndimu, meli zaingia Kilindini. Hapo, tumeketi ukutani, tulisimuliana jinsi wimbo wa Malaika ilivyozunguka dunia kwa sauti za wengine huku watu wakigombania nani aliyeitunga, na jinsi Jambo Bwana ya Them Mushrooms, vijana waliopiga kwenye mahoteli ya pwani yetu hii, ilivyoishia kurekodiwa na Boney M. Tukimaliza mihogo tunakwenda zetu.

Hata sheria mpya ya 2001 haikutuinua pale ukutani. Kilichotuinua ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Aliyetuletea habari hizo ni kijana wa kufoka, mpwa wa mpiga kinanda wetu, na karatasi kazipiga chapa.

"Mzee, hii si ya kumwimbia mtu. Hii yaandikwa."

"N'andike nini, mwanangu? Mimi kazi yangu dumbaki."

"Hayohayo mnayoyasema hapa kila jioni. Ila muwaambie ni kifungu gani."

Hilo la kifungu ndilo lililotusumbua. Kulalamika kwa jumla twakuweza sana, kulalamika kwa nambari ni kazi nyingine.

Kisha ikaja hukumu ya Malindi, Novemba 2016. Mwaka 2012 Bunge lilikuwa limeingiza kifungu 30A katika sheria ya hakimiliki, cha kuwalipa waimbaji, wapigaji na watayarishaji nyimbo zao zikitumiwa, malipo yapitie vyama vya kukusanya. Kulikuwa na wasanii wasiotaka fedha zao zipite huko, wakashtaki, na Mahakama Kuu ya Malindi ikakibatilisha kwa kuwa umma haukuulizwa. Siku ile nilichanganyikiwa. Kifungu kilichomkumbuka mpiga dumbaki kimeanguka, na kimeanguka kwa sababu mpiga dumbaki hakuulizwa! Sijui kama kuna darasa lililonifunza zaidi.

Mwaka 2019 Mama Ngina ilijengwa upya na Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, ikafanyiwa hapo. Mwezi huohuo marekebisho mengine ya sheria yalianza kufanya kazi, yakiwa na vifungu 35B hadi 35D: mwenye kazi akitoa ilani, kampuni ya intaneti ina saa 48 za kazi kuiondoa kazi iliyoibwa. Kufika 2021 kukatokea pendekezo la kuvifuta.

Safari hii tuliandika. Kijana alichapa kwa simu, tumeketi kwenye kuta mpya, waraka kwa Karani wa Bunge. Mtunzi wetu alianza kwa kumsifu mwenyekiti wa kamati ya Bunge kwa mizani na vina, ubeti mzima ukakatwa, akanuna mpaka magharibi. Vifungu vilibaki. Sidai ni sisi, maana wasanii wenye majina makubwa walipiga kelele kutushinda. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa tena: fedha za nyimbo zinazowekwa kuwa miito ya simu, msanii apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na wa kati 8.5. Napenda sheria yenye hesabu, maana hata asiyesoma aweza kuuliza zake ziko wapi. Lakini taarabu si wimbo mkubwa wa simu, na hapa sisi hatukushiba.

Sasa harusi zanaswa kwa simu na kupandishwa YouTube kabla bibi harusi hajavua mapambo. Tumeanza waraka mwingine, wa kuomba rekodi za harusini zitajwe waziwazi katika sheria, nao umekwama. Mtunzi asema wimbo ni wake. Mwimbaji asema bila sauti yake ni karatasi tu. Mimi nimedai fungu la wapigaji, na mwenye kinanda adai lake liwe kubwa kuliko langu. Kijana ametwambia tukubaliane kwanza sisi wanne, ndipo ajaze nafasi aliyoiacha wazi pale penye "mwenye haki".