Panki Ni Kelele, Sawa. Lakini Ni Kelele ya Nani?

Wacha nianze kwa kukubali makosa. Jumamosi asubuhi niliweka spika sebuleni nikiosha vyombo, na sauti nilikuwa nimeongeza hadi mwisho. Mathe akatoka chumbani na leso kiunoni, akasimama mlangoni akauliza, "Hao watu wanaimba ama wanapigana?"

Nikamwambia wanaimba.

"Basi waambie wapumzike kidogo."

Ilikuwa panki. Wengi wetu neno hilo tunalijua kwa nywele, zile za kunyolewa pembeni zikaachwa zikisimama katikati. Lakini panki ni muziki: gitaa linalokwaruza, ngoma zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa, na msee mmoja hapo mbele akipiga mayowe. Nimeupenda tangu kidato cha tatu, na karibu kila mtu niliyemwekea ameupenda papo hapo ama ameuchukia papo hapo. Nimefikiria sana ni kwa nini.

Tuanze na wanaouchukia, kwa sababu wana hoja.

Kwanza, masikio yetu yamelelewa na gitaa tamu. Kwetu Jumapili baada ya kanisa mzee huweka rhumba, na wimbo mmoja wa Franco unaweza kupita dakika 10 gitaa likikubembeleza tu. Benga nayo, gitaa na mwimbaji wanajibizana kama majirani wawili wanaopiga gumzo langoni. Sasa mletee mtu kama huyo Ramones wa New York. Albamu yao ya kwanza, ya 1976, ina nyimbo 14 na yote inaisha kabla ya nusu saa. Mzee hata hajakaa vizuri kwa kiti, wimbo umeisha. Ukimwambia huo ni muziki, anaona unamchezea.

Pili, panki ina hasira na haiombi msamaha. Mwaka wa 1977, Uingereza ikisherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti, Sex Pistols walitoa wimbo wa kumkejeli na wakaupa jina lile lile la wimbo wa taifa. BBC ikakataa kuucheza. Bado ulipanda hadi nambari 2 kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Mtu aliyefunzwa kuheshimu wakubwa akiskia hivyo, anasema hawa ni watoto waliokosa kiboko.

Tatu, na hii hata mimi inaniuma. Baadhi ya wale vijana wa London walivaa alama ya Wanazi, ati ni ya kushtua watu tu. Mtu akiniambia hataki kuskiza muziki uliotoka kwa watu kama hao, siwezi kumbishia. Mzaha wa aina hiyo, anayeumia ni mtu mwingine kabisa.

Sasa mbona mimi naupenda?

Nikiwa darasa la sita nilikuwa kwa kwaya ya shule. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano, mazoezi kila siku saa kumi. Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mwalimu alipita mbele yetu akitega sikio kwa kila mmoja. Alipofika kwangu akasimama. Akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Wewe siku hiyo fungua tu mdomo. Usitoe sauti."

Hakunitoa kwa kwaya, kwa sababu safu ingebaki na pengo. Nikasimama jukwaani na soksi zangu nyeupe, nikafungua mdomo na kuufunga kama samaki mpaka mwisho. Tukashinda. Mathe alikuwa amekuja, akanikumbatia akisema amenisikia. Nilinyamaza. Nilinyamaza na hiyo siri miaka mingi sana.

Ndiyo maana siku niliposkia Poly Styrene mara ya kwanza nililia. Jina lake halisi lilikuwa Marianne Elliott-Said, babake Msomali, mamake mzungu. Julai 1976, siku aliyofikisha miaka 19, aliwaona Sex Pistols wakicheza Hastings, mji wa pwani huko Uingereza, akaamua hata yeye anaweza. Akatafuta wenzake kwa tangazo la gazeti, wakaanzisha X-Ray Spex. Alikuwa na vyuma kwa meno. Sauti yake inapanda mpaka inapasuka, na ikipasuka haachi, anaendelea nayo hivyo hivyo. Mwalimu wangu angemwambia afungue mdomo tu.

Aprili 1978 huyo msichana alicheza Victoria Park, London, kwenye tamasha kubwa la kupinga ubaguzi wa rangi, pamoja na The Clash. Kwa hivyo hata ile aibu ya Wanazi niliyotaja, kuna wana-panki waliosimama hadharani upande ule mwingine.

Hapo ndipo naona watu wanapogawanyika. Muziki mwingi unakuambia kaa chini uskize, huyu anajua kazi. Panki inakuambia simama, hata wewe unaweza. Kwa mtu aliyehangaika miaka akijifunza gitaa, hayo ni kama matusi. Kwangu mimi, niliyeimba bila sauti, ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango.

Nilikuwa nimeridhika na hoja yangu hivyo, mpaka jioni ya hiyo Jumamosi.

Mathe alikuwa jikoni akimenya viazi. Niliweka Crystal Axis, sauti chini safari hii. Hawa ni wa hapa hapa Nairobi, na wana wimbo unaoitwa "Nyayo House". Ndio, lile jengo la tauni tunalopigia foleni ya pasipoti. Wimbo unahusu vyumba vya chini yake, ambamo watu waliteswa miaka ya 80 wakati wa Moi. Mathe akaniuliza hao wanasema nini. Nikamwambia.

Kisu kikasimama.

"Sisi hilo jengo tulikuwa tunalipita kutoka ng'ambo ya barabara," akasema. "Na hata ukiwa kwako kwa nyumba, mtu akitaka kulitaja, anaongeza redio kwanza ndio majirani wasiskie." Akatulia kidogo. "Na hawa wanalipigia mayowe hivi, hakuna mtu amewashika?"

"Hakuna, Mama."

Sijui ni nini kilinipa nguvu, lakini nikamwambia ile ya kwaya. Yote. Mwalimu, soksi, samaki. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo siku hiyo sikukuskia?"

"Hukuniskia."

Akarudi kwa viazi vyake. Akamenya kimoja, akamenya cha pili. Halafu akasema, "Weka tena huo wimbo."

Tukauskiza hadi mwisho. Nilimuuliza anauonaje sasa, nikidhani nimempata. Akasema bado ni mbaya, gitaa linamuumiza kichwa, na huyo kijana anahitaji maji moto na tangawizi. Lakini akasema waachwe wapige kelele yao.

Kwa hivyo siwaombi muupende panki. Mathe ameuskiza, ameuelewa, na bado haupendi, na hiyo ni haki yake. Ninachoomba ni kwamba ukiskia mtu akisema "hizo ni kelele tu", kama vile tulivyoambiwa sisi vijana Juni 2024 tukiwa barabarani, jiulize kwanza ni nani anapiga hizo kelele, na aliambiwa anyamaze kwa muda gani.

Mimi nyumbani sasa nina ruhusa ya kuweka panki Jumamosi, mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo ni rhumba.