Safari ya Amu: Usiku wa matari tulioukosa



Kwa miaka mingi vijana wa madrasa yetu hapa Tanga wamejifunza kupiga dufu kwa kusikiliza kanda kutoka Lamu. Ni kanda za zamani, zimechakaa kwa kurudiwa, lakini zilitosha kutuonjesha namna Maulidi ya Habshi yanavyosomwa katika Msikiti wa Riyadha, matari yakipigwa kwa pamoja na safu zikiitikiana. Kwa hiyo kamati ya msikiti ilipokubali mwaka jana kwamba vijana wapelekwe wakasikie kwa masikio yao, furaha haikuwa ndogo. Twafahamu kuwa wanazuoni wana kauli zinazotofautiana kuhusu maulidi na dufu, na makala haya hayakuandikwa kulifungua suala hilo. Yameandikwa kwa ajili ya jambo lililotufika njiani, ambalo laweza kumfika kila mwenye kusafiri na watoto wa watu.

Tulikuwa watu 19 katika Coaster ya kukodi: vijana 14, walimu wawili, dereva, mzee wetu muadhini, na sisi, katibu wa kamati, tuliochaguliwa kuwa amiri wa msafara. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kwamba hata wasafiri wakiwa watatu tu, wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Siku ile tuliuchukulia uamiri kuwa heshima. Uzito wake tuliujua baadaye.

Mzee muadhini ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko sote. Alipokuwa mtoto, baba yake alimchukua kwa jahazi kutoka Tanga hadi Amu, na matari aliyoyasikia usiku ule hayakupata kumtoka. Sasa umri umepita miaka 70 na macho yamepungua nuru. Alituambia maneno machache tu: "Wanangu, nataka niyasikie mara moja tena, kisha basi."

Tuliondoka Jumatano baada ya sala ya Alfajiri, dua ya safari ikisomwa kwa sauti moja. Usiku mkubwa ulikuwa wa kuamkia Ijumaa, na tulihesabu kwamba Alhamisi adhuhuri tungekuwa tumefika. Hesabu hiyo ilivunjika mapema. Mpakani Horohoro ilibainika kwamba gari halina bima ya kuvukia upande wa Kenya, na vijana wawili hawakuwa na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Orodha ya mahitaji tuliiandika kwa mkono wetu wenyewe, lakini hatukukagua. Tulipovuka, Alasiri ilikuwa imeingia. Likoni tulishuka tukaingia kivukoni kwa miguu usiku, kila mmoja amembeba mwenzake kwa macho ili asipotee katika umati.

Mombasa tulilala kwa jamaa, lakini dereva hakulala. Rejeta ilikuwa ikivuja, naye alikesha chini ya gari pamoja na fundi. Asubuhi tukaondoka, tukapita daraja la Kilifi, na kabla ya kufika Malindi gari likachemka. Tukamtafuta fundi mwingine, tukangoja. Tulijumuisha Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza, kama wasafiri waliovyoruhusiwa, na gari lilipopona ilikuwa saa tisa na nusu.

Hapo ndipo dereva alipotuita pembeni. "Ustadhi," alisema kwa adabu, "mimi sijafumba macho tangu jana. Nipe saa tatu tu nilale, kisha twende."

Saa tatu zilikuwa na maana ya kulala Malindi, na kulala Malindi kulikuwa na maana ya kuukosa usiku wa Riyadha. Tulitazama ndani ya gari. Vijana walikuwa wamekwisha kaa kwenye viti, kanzu nyeupe zimekunjwa mapajani. Mzee alikuwa kimya, ameelekeza uso wake dirishani. Tukamwambia dereva: "Jikaze kidogo, kijana wetu. Inshallah tutafika."

Inshallah ile tuliitumia vibaya. Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tulimwacha ngamia bila kamba, halafu tukaliita jambo hilo tawakkul.

Kutoka Malindi kwenda Garsen barabara hunyooka katika nchi tambarare, yenye vichaka na miti ya miiba, na kadiri uukaribiavyo Mto Tana ndivyo uonavyo makundi ya ng'ombe wa wafugaji. Jua lilikuwa likizama. Vijana walikuwa wakighani, nasi tukiitikia, wakati gari lilipoanza kuinama taratibu upande wa kulia. Hapakuwa na breki wala honi. Mwalimu aliyeketi mbele alipiga kelele, dereva akazinduka, na mbele yetu kundi zima la ng'ombe lilikuwa likivuka barabara kurudi zizini, na nyuma yao mtoto mwenye fimbo, umri wake labda miaka tisa.

Gari lilisimama nje ya lami, ndani ya vumbi. Ng'ombe waliendelea kupita. Yule mtoto alitutazama, akamchapa aliyebaki nyuma, akaenda zake. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Hakuna aliyesema neno pia. Dereva alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakimtetemeka.

Tangu siku ile tumejiuliza mara nyingi: tungewaambia nini wazazi 28 waliotukabidhi watoto wao? Na tungemwambia nini mama wa yule mchungaji, ambaye hakuwahi kutusikia wala kuyasikia maulidi yetu?

Mwalimu mmoja alishika usukani kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi Garsen, na huko tukasimama. Tulisali Magharibi na Isha katika msikiti mdogo, na wenyeji, walipojua ni wasafiri, walileta mikeka, chai ya maziwa na wali. Kulikuwa na vijana waliosononeka, na mmoja alisema wazi kwamba tulikuwa tumebakiza kidogo tu. Hatukumkemea. Tuliwaita wote, tukakiri mbele yao kwamba kosa ni letu: dereva aliomba kulala nasi tukamkatalia.

Yapata saa nne usiku simu ya kijana mmoja ililia. Ndugu yake alikuwa Riyadha, amesimama barazani, na akainua simu yake juu ili tusikie. Matari yakaja, yakikatika na kurudi, lakini yenyewe hasa, siyo ya kanda. Vijana wakasogea. Dereva alikuwa amelala hatua tatu kutoka hapo, na kwa sauti ile akaanza kugeuka geuka.

Mzee muadhini aliinua mkono. "Izime, mwanangu," alisema. "Huyu amelala."

Simu ikazimwa. Tukakaa gizani tukisikia pumzi za dereva.

Asubuhi, kwenye kizuizi cha njia ya Lamu, askari alitueleza kwamba jana yake hata tungefika hapo salama tusingeruhusiwa kuendelea usiku, kwa sababu za usalama. Hatari yote ile ilikuwa ya bure.

Tulipita Witu, tukaliacha gari Mokowe, tukavuka kwa boti, na kabla ya Ijumaa tulikuwa Amu. Mji ule, uliowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wakikutana lazima mmoja ampishe mwenzake. Tulisali, kisha tukazuru Riyadha, msikiti unaofungamana na jina la Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu na kuwafundisha maskini na watu waliotoka utumwani, ambao wakubwa wa mji hawakuwapa nafasi katika darsa zao.

Alasiri ilipita zefe. Tulimsimamisha mzee penye ukuta wa mawe ya matumbawe, mkono wake begani kwetu. Matari yalipita mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa, na kuta zikayarudisha. Haikuwa hadhara ya usiku aliyoikumbuka tangu utotoni. Ilikuwa kama robo saa hivi, kisha sauti ikaishia kichochoroni. Tulimuuliza kama imemtosha. "Haikutosha," alijibu. "Lakini nimeisikia, na watoto wote wapo."

Kamati imekwishapitisha: safari yoyote ndefu itakuwa na madereva wawili, hati zitakaguliwa juma moja kabla, na dereva akisema amechoka, amiri hana kauli juu yake. Nawe ndugu msomaji, ukielekea harusini, mazishini au maulidini, mwulize dereva wako jana alilala saa ngapi, kisha ulikubali jibu lake.

Wabillahi tawfiq.