Pera na Jina Lake

Ukitoka Ngomeni ukaifuata Ndia Kuu, huenda ukamkuta mama ameketi kivulini na sinia la mapera. Neno hilo tumelipata kwa Wareno. Kwao ni jina la pea, tunda la nchi za baridi, nduguye tunda waliitalo Waarabu safarjal. Pera letu asili yake ni Amerika, wala halina udugu na pea; yamefanana kwa umbo tu.

Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hata Disemba 1698, wakawatoa. Watu walitoka, neno likabaki majumbani mwetu, likavaa ngeli ya Kiswahili: pera, mapera, mpera.

Siku hizi wapo watoto wa mji huu huu waliitao gwava. Wazazi wenzangu, tumpapo mtoto pera, tumpe na habari yake. Bibi zetu walilipokea neno la mgeni aliyekuja kwa mizinga, wakaligeuza letu. Si vyema likatupotea sisi katika amani.