Mutarule: «Papa, Nonda naye alitoka»

UVIRA, Kivu Kusini. Usiku, mtu akisimama kando ya ziwa Tanganyika upande wa Kavimvira, anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Zinaonekana karibu sana. Kuna baba mmoja, mkulima wa Mutarule, ambaye anazitazama karibu kila jioni. Yeye na jamaa yake wako Uvira tangu mapigano yaliposhuka katika bonde la Ruzizi na kuwafanya waache muhogo ardhini na mpunga haujavunwa. Familia moja iliwapokea na kuwapa chumba kimoja. Wanalala humo watu saba.

Mtoto wake wa pili ana miaka 14. Anacheza mbele, kwenye nafasi ya kufunga. Alianza na mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za migomba, na hapa Uvira amepata wenzake wenye mpira wa kweli. Watu wanapita wanasimama kumwangalia. Mwezi uliopita alisimama mtu mwingine, mwenye viatu safi na simu mbili mkononi. Akauliza mtoto ni wa nani. Jioni akafika nyumbani, akaketi kwenye kiti cha plastiki alichopewa, akasema anatafuta vijana wa kupeleka nje. Kijana ataanza Bujumbura, kisha Dar es Salaam, kisha Ulaya. Kinachotakiwa ni dola 300 za karatasi, na zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Dola 300 kwa watu waliokimbia ni kitu kizito. Mama alikuwa na kidogo alichoweka kwa kuuza ndagala sokoni. Kilichobaki kingetoka kwa kuuza kipande cha shamba kule Mutarule, tena kwa bei ya mtu anayejua muuzaji ana haraka. Baba hakujibu usiku ule. Mtoto ndiye aliyesema:

«Papa, Nonda naye alitoka.»

Jina hilo mtoto alilipata kwa baba yake mwenyewe. Ndiyo maana baba alikosa la kusema.

Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura tarehe 6 Machi 1977, ng'ambo ya maji haya haya. Vijana wa Uvira wa wakati ule walimhesabu kuwa mtoto wao, kwa sababu alivaa jezi ya Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 alichezea Young Africans ya Dar es Salaam, ile watu wanaita Yanga. Kutoka pale akaenda Afrika Kusini, katika timu ya Vaal Professionals. Ndipo akafika Uswisi, FC Zürich, na katika msimu wa 1997–1998 akawa mfungaji bora wa ligi ya nchi ile kwa mabao 24. Ufaransa ikamwita: kwanza Rennes, na mwaka 2000 Monaco.

Msimu wa 2002–2003 alifunga mabao 26 katika ligi ya Ufaransa, na hakuna aliyemfikia. Aliyemfuata alikuwa Pauleta, Mreno wa Bordeaux, kwa mabao 23. Huyo Pauleta naye ana habari yake. Alizaliwa katika visiwa vya Azores, mbali katikati ya bahari ya Atlantiki. Hakuwahi kucheza hata mechi moja katika daraja la kwanza la Ureno. Alitoka daraja la pili akaenda Salamanca ya Hispania, akapita Deportivo, kisha Bordeaux na Paris. Hata hivyo, mwaka 2005 alivunja rekodi ya mabao 41 ambayo Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji, aliiwekea timu ya taifa ya Ureno. Aliishia mabao 47, na Cristiano Ronaldo akampita mwaka 2014. Kwa hiyo mwaka ule wafungaji wawili wa mbele kabisa Ufaransa walikuwa mtoto wa Bujumbura na mtoto wa kisiwani. Wote wawili walijulikana wakiwa mbali na kwao.

Baba huyu alikuwa kijana mwaka 2004. Nonda aliumia goti vibaya mwanzoni mwa msimu ule, akakaa nje miezi mingi. Aliporudi, Monaco ilikuwa inapambana na Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Tarehe 20 Aprili, Monaco wakiwa wamebaki watu kumi uwanjani, Nonda aliingia kama mbadala na kufunga bao la tatu. Mechi ikaisha 3–1. Tarehe 26 Mei akaingia tena kipindi cha pili katika fainali kule Gelsenkirchen, Ujerumani. Porto ya Ureno ikashinda 3–0. Baba anakumbuka vizuri kwa sababu wiki ile ile mapigano yalianza Bukavu. Watu waliokuwa wanasikiliza redio walikuwa na habari mbili: ya mpira na ya risasi. Alisimulia hayo kwa watoto wake mara nyingi, na kila mara Nonda alikuwa mwisho mzuri wa siku mbaya.

Lakini kumsimulia mtoto mtu aliyefika si sawa na kumweka mtoto njiani. Baba aliligundua hilo siku zile, alipokuwa halali.

Alikuwa na sababu za kukubali. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, wakiwemo waumini waliokuwa katika ibada. Mtoto huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Siku sita baadaye Kombe la Dunia lilianza Brazili, na kijijini watu walikuwa bado na matanga. Jamaa ilikimbia, ikarudi, ikalima upya. Sasa imekimbia tena. Mtoto akiuliza, «Papa, tukikaa hapa tunangoja nini?», baba afanye nini? Amwambie angoje amani? Ameingoja yeye tangu ujana wake.

Kesho yake alikwenda kwa mzee mmoja anayefundisha watoto mpira, mtu aliyewahi kucheza katika timu za hapa. Alimkuta anapima uwanja kwa hatua.

«Mzee, naomba shauri.»

«Karibu, baba wa watoto. Sema.»

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: «Ni timu gani inayomtaka?»

Baba hakujua. Yule mtu hakutaja timu yoyote.

Mzee akamweleza kama anavyowaeleza wazazi wengine. Nonda alipokwenda Dar, alikwenda kucheza Yanga. Alipokwenda Uswisi, alikwenda kucheza Zürich. Kila mahali palikuwa na timu yenye jina, na kila hatua ilitokana na mabao aliyofunga katika hatua ya nyuma. Pauleta vilevile. Hawakuruka kutoka kwenye kiwanja cha mtaa mpaka Ulaya kwa mkono wa mtu mmoja mwenye simu mbili.

La pili, sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Mtu anayesema atampeleka nje mtoto wa miaka 14 peke yake anapaswa kueleza anatumia mlango gani.

La tatu ndilo lililomshangaza baba. Katika mpira, pesa hutoka kwa timu inayomtaka mchezaji, na baadhi yake hurudi nyuma. Timu ikimnunua mchezaji wa nchi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa timu zote zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Timu ndogo ya bonde la Ruzizi inaweza kupata haki yake siku moja, kama mtoto aliandikishwa kwake kwa karatasi ya kweli, ile watu wanaita lisansi. Bila karatasi hiyo hakuna anayejua mtoto alitoka wapi.

«Wewe unaombwa kununua,» mzee alimwambia, «na bidhaa ni mtoto wako mwenyewe.»

Yule mtu aliporudi, baba alimkaribisha kwa heshima. Hakumtukana wala hakumwita mwizi. Alimwomba mambo matatu tu: barua ya timu inayomtaka mtoto, yenye jina na namba ya simu ya timu, jina la mtu atakayemlaza na kumsomesha, na muda wa kupeleka barua hiyo kwa viongozi wa mpira wa Uvira waisome. Mtu alisema sawa, ataleta. Hajarudi mpaka leo.

Mtoto alikasirika. Siku mbili hakula pamoja na wengine, na alipoulizwa alisema, «Mumemufukuza.» Pengine wazazi wengi waliokimbia wanaujua ukimya huo wa mtoto anayeamini kwamba umefunga mlango pekee uliokuwa wazi. Baba hakumlazimisha kukubali. Mama ndiye aliyezungumza naye, huku akichambua ndagala:

«Mwanangu, tumekimbia mara mbili, na mara zote mbili nilikushika mkono. Ukifika kule, mambo yakiharibika, utakimbia na nani?»

Mtoto hakujibu, lakini jioni alikula bugali.

Wiki iliyofuata baba alimpeleka kwa yule mzee. Sehemu ya pesa za ndagala ililipa picha na karatasi, na nyingine ililipa daftari, kwa sababu mzee hapokei mtoto asiyekwenda shule. Shamba la Mutarule halikuuzwa. Magugu yamelifunika, hakuna anayejua siku ya kulirudia, lakini bado ni la jamaa.

Mzee alikuwa na fomu mezani. Akaandika jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Alipofika mahali pa kuzaliwa, mtoto alisema haraka:

«Andika Uvira.»

Alifikiri Uvira inajulikana zaidi. Au labda hakutaka wenzake wasome jina ambalo watu wanalihusisha na maiti. Mzee alimtazama baba.

«Nonda, karatasi zake zinasema Bujumbura,» baba alimwambia mtoto. «Alifika Monaco nazo. Za kwako ziseme ukweli pia.»

Mzee akaandika: Mutarule. Mtoto akaisoma mara mbili, akaomba kalamu, akatia sahihi yake ya kwanza. Kisha akavua viatu, akaviweka kando ya begi la shule, akakimbilia uwanjani walipokuwa wenzake.