UMEME WA NYUMBA YA MAGURUDUMU KANDO YA UWANJA WA NDEGE WA JUBA

Mtu ashukaye katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba hulipokea joto la Sudan Kusini mlangoni mwa ndege. Mwezi Februari na Machi joto la mchana hukaribia nyuzi 38 za Sentigredi, na lami ya njia ya kurukia humetameta machoni kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kando yake husimama ndege nyeupe za Umoja wa Mataifa na za Mpango wa Chakula Duniani, helikopta, na ndege za mizigo zilizokwisha kula umri, ambazo bado hupeleka unga na dawa katika sehemu zisizofikika kwa barabara wakati wa mvua. Ng'ambo ya ua wa uwanja iko kambi ya Tomping ya Umoja wa Mataifa. Baada ya hapo ni nyumba za raia, maghala, na nyua za makampuni.

Uwanja huu ni mkongwe wa safari ndefu. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizotoka Kairo kuelekea kusini zilikuwa zikipita Juba. Jengo la abiria litumikalo sasa lilifunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo abiria walihudumiwa kwa muda ndani ya mahema, juu ya sakafu ya mbao, mizigo yao ikiwa miguuni pao.

Mahema hayo hayakuwa kioja kwa wakazi wa mji. Baada ya Mapatano ya Amani ya Januari 2005 watu walimiminika Juba kupita idadi ya nyumba zilizokuwako, hata hema na kontena zikageuka kuwa hoteli, ofisi na mabweni. Makao ya namna hiyo hubeba umeme wake yenyewe. Ni kweli kwamba Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa megawati 33 uendeshwao kwa mafuta, lakini ngurumo ya jenereta haijahama Juba.

Kati ya makao yote ya kuhamishika, yaliyo magumu kuyatunza ni gari-nyumba: basi dogo au lori lililotiwa kitanda, jiko, tangi la maji na jokofu. Wageni huja nayo kutoka kusini kwa njia ya Nimule, na mengi ni magari ya zamani. Tangu vita vilipozuka Sudan, Aprili 2023, safari ya kuendelea hadi Khartoum si ya msafiri wa kawaida tena, hivyo mwenye gari hilo hutazamia kurudi alikotoka. Lakini mgeni wa namna hiyo ni mmoja mmoja tu. Walio wengi ni madereva na matanboi wa malori yatokayo Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, ambao hulala, hula na kufua kando ya magari yao kwa siku nyingi wakingoja kushusha mzigo. Kwao kabini ndiyo nyumba, na hakuna aliyewauliza kama waliitaka.

Haifai kuegesha gari la kulala karibu na ua wa uwanja, wala kupiga picha bila kibali. Gari hulazwa ndani ya ua wa mtu, kwa ruhusa yake, na mara nyingi waya mrefu hutoka kwenye jenereta ya mwenyeji hadi dirishani. Ndege za mchana humfanya mtoto asilale. Usiku zinapotulia, joto lililojificha katika bati huanza kushuka juu ya vitanda. Hapo kila mtu hunyosha mkono kuitafuta swichi ya feni, na hapo ndipo hadithi ya umeme huanzia.

BETRI MBILI, KAZI MBILI

Julai 2016 mapigano yalipotokea Juba, safari za ndege za abiria zilisimama. Uganda ikapeleka msafara wa magari ya jeshi kwa barabara ya Nimule, yenye kilomita 192, kuwachukua raia wake, katika operesheni iliyoitwa Okoa Wananchi. Tena mwaka 2021 madereva wa malori kutoka Kenya na Uganda waligoma kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa njiani. Mambo hayo mawili yatosha kueleza kwa nini gari lisilowaka alfajiri si usumbufu tu. Siku ya kuondoka kwa haraka, gari ambalo betri yake imenyonywa usiku kucha na feni na jokofu huwa ni banda la bati.

Kwa hiyo betri ya kuwashia injini isiguswe na kitu chochote cha nyumbani. Taa za ndani, feni, pampu ya maji na simu zipewe betri yake ya pili, na kati ya betri hizo mbili iwekwe rilei ambayo huziunganisha injini inapozunguka na kuzitenga inapozimwa. Katika magari ya zamani rilei hiyo ndiyo huungua kwanza, au waya wake mwembamba hukatika, na mwenye gari asijue mpaka betri zote mbili zimelala pamoja.

Malori, na mengi ya magari ya jeshi, yana ugonjwa wake mwingine. Umeme wake ni volti 24, utokao katika betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Dereva aliye na redio au feni ya volti 12 huona njia ya mkato: huchukua umeme kutoka betri moja tu. Wiki za kwanza mambo huenda vizuri. Lakini betri ile inayotumika hubaki na njaa, na mwenziwe, ambayo haikutumika, hushindiliwa chaji kupita kiasi na kuchemka maji yake. Mwishowe zote mbili hufa, na lawama humwangukia aliyeziuza. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupunguza volti kutoka 24 hadi 12, ambacho huchota kwenye betri zote mbili kwa usawa. Bei yake haifikii hata bei ya betri moja.

HESABU YA USIKU MMOJA

Mama ajuaye kugawa kilo tano za unga mpaka mwisho wa juma hawezi kushindwa na hesabu hii. Betri ya kawaida ya maji yenye ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 50. Feni ndogo ya ampea 2 kwa saa 10 hula 20. Taa mbili ndogo za LED hula 5 kwa saa tano. Simu za watu wa nyumba, 5 nyingine. Pampu ya maji, 1. Mpaka hapo ni 31, na yote ni salama. Lakini jokofu dogo la kompresa huvuta ampea 4 na katika joto la Juba hufanya kazi nusu ya muda wote; kwa saa 12 za usiku limekwisha kula 24. Jumla ni 55, nayo mipaka imevukwa kabla ya jogoo kuwika.

Si lazima jokofu litupwe. Wenye busara huliwasha mchana, wakati paneli za jua zinapofanya kazi, wakajaza chupa za maji ndani yake mpaka ziwe baridi kabisa. Usiku hulizima na kutolifungua ovyo, na chupa zile hulinda maziwa na samaki hadi asubuhi. Paneli moja ya wati 100 huweza kurudisha karibu ampea-saa 30 kwa siku ya jua zuri, mradi vumbi lifutwe; na vumbi la kiangazi karibu na uwanja halina likizo.

Joto lenyewe ni adui wa betri. Maji hukauka upesi, kwa hiyo katika miezi ya kiangazi yatazamwe kila wiki, yaongezwe maji safi ya betri na si asidi. Betri iliyowekwa chini ya kiti pasipo na hewa hufupishiwa maisha yake. Harufu ya mayai viza ikisikika, injini izimwe, madirisha yafunguliwe, na mtu asiwashe kiberiti.

KUTAFUTA KOSA

Gari la zamani lina waya zilizowekwa na mafundi wengi, kila mmoja akiwa na rangi zake na siri zake. Ndiyo sababu mtu akiona taa imezimika hukimbilia kubadili taa, na pampu ikinyamaza hununua pampu. Mara nyingi vifaa hivyo ni vizima. Kosa hukaa kwenye maungio: kichwa cha betri chenye kutu nyeupe, fyuzi iliyolegea, au waya uliofungwa kwenye bodi ya gari juu ya rangi na kutu.

Utafutaji uanzie kwenye betri na kufuata njia ya umeme hatua kwa hatua. Kipima umeme cha bei ndogo chatosha. Betri iliyopumzika saa moja ikisoma volti 12.7 imeshiba, 12.2 iko nusu; chini ya 12 ina njaa. Injini ikiwaka, masomo yapande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Yasipopanda, mkanda wa altaneta utazamwe kwanza, kisha waya zake; yakipita 15, kirekebisha chaji kimeharibika na betri inapikwa. Kwa gari la volti 24 hesabu zote ziongezwe mara mbili.

Asiye na kipimo atumie taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja ushikishwe mahali panapoingia umeme wa pampu, wa pili ushikishwe kwenye bodi karibu na pampu hiyo. Taa ikififia, waya ule wa pili upelekwe moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri. Iking'aa sasa, umeme unafika, bali njia yake ya kurudi ndiyo mbovu: bolti ya bodi ifunguliwe, chuma kisuguliwe mpaka king'ae, kikazwe na kupakwa grisi. Dalili ya ugonjwa huu ni taa zinazofifia kila pampu inapoanza kuvuta.

Fyuzi iliyokatika mara mbili isibadilishwe mara ya tatu kabla ya kujua sababu. Iko desturi mbaya ya kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya usiwake moto. Ikiondolewa, waya uliopita chini ya godoro ndio huwa fyuzi, na watoto wako juu yake.

UMEME WA KUAZIMA

Hatari kubwa zaidi ni ule waya utokao kwa jirani. Huo si umeme wa volti 12. Ni 230, wa kuua. Jenereta ikiyumba, taa hung'aa na kufifia, na vifaa vya sauti na chaja huungua. Hilo ni hasara ya mali tu. Ubaya zaidi ni pale ambapo waya uliochunika unagusa bati la gari. Gari lote, lililo juu ya matairi ya mpira, hubaki na umeme kimya kimya. Aliye ndani hasikii kitu. Mtoto asimamaye pekupeku kwenye tope la mvua, akashika kitasa cha mlango, ndiye hupigwa.

Basi gari lililounganishwa na umeme wa jenereta liwe na swichi ya kinga ikatayo umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, na bodi yake iunganishwe kwa waya mnene na fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini. Mtu akihisi hata mwasho mdogo anapogusa bati, asicheke wala kuwaita wenzake waonje. Jenereta izimwe kwanza, ndipo waya uchomolewe.

Na anayetumia jenereta yake mwenyewe asiiweke chini ya sakafu ya gari wala karibu na dirisha kwa kuogopa wezi au mvua. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asioamka. Jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa huleta hewa hiyo hiyo. Maumivu ya kichwa kwa watu wote wa gari kwa wakati mmoja ni onyo: watoke nje upesi.

Vipuri vidogo, kama fyuzi, vichwa vya betri na rilei, hupatikana katika masoko ya Juba kama Konyo Konyo, na Kiswahili hutosha kununulia, maana wafanyabiashara wengi wametoka Uganda na Kenya au wamewahi kuishi huko. Vya magari ya kale huagizwa kutoka soko la Kisekka, Kampala, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na huja na malori. Mwenye kuagiza akumbuke kwamba tangu Februari 2021 saa ya Juba iko nyuma ya ile ya Kampala kwa saa moja. Wengi wamekosa gari kwa sababu hiyo.

Dereva aendaye Nimule huamka kabla ya ndege ya kwanza. Hupima betri ya kuwashia, huchomoa waya wa jirani na kuukunja, huzima taa za ndani, hutazama kama mkanda wa altaneta umekaza. Injini ikishika kwa mara ya kwanza, hupasha kidogo, huaga mwenye ua, kisha hushika njia ya Daraja la Uhuru, lililofunguliwa Mei 2022, ili avuke Naili kabla jua halijawa kali.